Nyuzi Kumi na Sita za Mkurugenzi

Umma unatangaziwa, kwa furaha na unyenyekevu mkubwa, kwamba kuanzia sasa cheo cha kiongozi kitapimwa kwa ubaridi wa ofisi yake.

Tangazo hilo lilitoka Makao Makuu asubuhi, na kabla ya chai ya saa nne Mkurugenzi wa Idara ya Vibali vya Kuombea Vibali alikuwa ameshalisoma mara tatu, mara ya tatu akiwa amesimama wima. Lilieleza kila kitu kwa ufasaha. Karani, nyuzi ishirini na sita. Msimamizi, ishirini na mbili. Mkurugenzi, kumi na sita. Tume ya Ubaridi ingezunguka idara zote na kipimajoto. Mkurugenzi ambaye ingemkuta ametulia kitini kwenye nyuzi zake angepandishwa kuwa Mkurugenzi Mkuu, na kupewa gari refu lenye mtu wa kufungua mlango. Ambaye angekutwa na joto angepelekwa Kitengo cha Mafaili ya Zamani, ambako hata nzi wameshaomba uhamisho.

Mkurugenzi alikuwa akiuota ukurugenzi mkuu kila siku wakati wa mikutano, yaani wakati wake wa kawaida wa kulala. Akaagiza kiyoyozi siku hiyohiyo.

Kililetwa na fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Barafu. Alibwaga maboksi mawili sakafuni, akajifuta jasho.

"Bosi, hii inakaa ndani, inakupulizia baridi. Hii kubwa inakaa nje, inatapika joto. Katikati tunapitisha mabomba ya shaba. Ni kama mume na mke wanaoishi nyumba mbili, lakini hawaachani."

"Nje wapi?"

"Nje nje, bosi. Ukutani huko, kwenye upepo."

Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa huruma. Ni kweli fundi hakuwa na habari za ule mwaka kiti cha idara kilipoanikwa barazani kikaota miguu. Tangu siku hiyo kulikuwa na waraka, tena aliouandika Mkurugenzi kwa mkono wake: Mali ya umma hailali nje.

"Lakini bosi, hii imetengenezwa ilale nje!"

"Na mimi nimewekwa hapa nisiruhusu."

Kamati ikaitishwa palepale. Wajumbe walikuwa Mkurugenzi na Dada wa Mapokezi, ambaye alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake wa kwanza. Baada ya mjadala mkali ambao Mkurugenzi aliuendesha peke yake, kamati ilibaini kwamba kisheria "nje" ni mahali popote pasipokuwa ofisini kwa Mkurugenzi. Kwa hiyo mashine ya nje ingefungwa nje, ndani ya ukumbi wa kusubiria wananchi, juu ya benchi, ikitazama foleni.

"Watu watachemka humu," alisema Barafu.

"Watachemka kwa utaratibu," Mkurugenzi alimjibu.

Ukabaki mpira wa kutolea maji. Barafu alieleza kwamba kiyoyozi kikipoza hewa hutoa maji kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na maji hayo yanahitaji mpira unaoteremka taratibu hadi nje. Mkurugenzi alishtuka.

"Unateremka? Fundi, kila kinachotoka ofisini kwangu kinapanda Makao Makuu. Barua zinapanda, taarifa zinapanda, hata lawama zinapanda. Leo maji yangu ndiyo yateremke kiholela?"

Barafu alimtazama, akautazama mpira, akafikiria nauli ya kurudi nyumbani.

"Sawa, bosi. Ukisema yapande, mimi nayapandisha. Yakigoma, mtaelewana wenyewe."

Mpira ukapanda, ukazunguka dari, ukaelekea upande wa Makao Makuu. Kiyoyozi kikawekwa nyuzi kumi na sita. Rimoti ikatiwa kwenye sefu na ufunguo wa sefu ukapandishwa Makao Makuu, maana kuongeza hata uzi mmoja kungekuwa kujishusha cheo bila idhini. Kiti cha Mkurugenzi kikasogezwa hadi chini ya kiyoyozi kabisa, ili cheo kisipotee njiani. Mlango ukatiwa kufuli la umeme lisiloruhusu baridi kutoroka. Ulijifunga wenyewe, na kitufe cha kuufungua kilikuwa chini ya meza ya mapokezi.

"Sikiliza, mwanangu," Mkurugenzi alimwambia mpwa wake. "Hapa kazini hakuna mjomba. Asiye na namba ya foleni hapiti. Hata akiwa nani."

"Hata akiwa nani, mjomba?"

"Nimesema hakuna mjomba!"

"Ndiyo, mjomba."

Msimu wa joto ulikuwa wa mafanikio makubwa. Ile mashine ilipuliza ukumbini kama tanuri lenye kinyongo. Wananchi walikaa kidogo, wakaloa, wakajiendea zao. Mkurugenzi akaandika taarifa kwamba malalamiko yamepungua kwa kiasi cha kutia moyo. Aliyebaki kila siku ni mama mmoja mshonaji, ambaye kibanda chake kilifungwa kwa kukosa kibali cha kuombea kibali cha bango. Alikaa akijipepea na kipande cha boksi.

"Mama, Mkurugenzi ana kazi nyingi," Dada alimwambia, naye akitiririka jasho hadi kwenye kalamu. "Njoo kesho."

"Mwanangu, vyerehani vyangu vinaota kutu. Hiyo kesho yenu ina mlango wa wapi?"

Ombi lake lilikuwa juu kabisa ya rundo mezani kwa Mkurugenzi. Alikuwa hajalisaini kwa sababu ya msingi: vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi.

Kisha mvua zikaanza. Ikawa baridi ile ya kukufanya uamke ukiwa umevaa shuka kama joho. Na hapo ukumbi wa wananchi ukageuka kuwa mahali pazuri kuliko pote mjini. Mashine ile ile iliyotukanwa miezi yote ilipuliza uvuguvugu mtamu. Watu waliwahi namba alfajiri, hata wasiokuwa na shida na kibali chochote. Mama mshonaji alifunga kamba mbele ya mashine, na kila aliyeingia akaanika koti, soksi, nepi za mtoto. Wazee walicheza bao. Dada alivua sweta.

Ofisini, Mkurugenzi alivaa makoti mawili na kuketi chini ya kumi na sita zake, meno yakigongana kama vijiko vya bwalo la shule. Alisikia vicheko kupitia ukutani. Na maji, yaliyozidi kwa unyevu wa mvua, ambayo hayakuwa yamewahi kuajiriwa na hivyo hayakujua nidhamu, yalikataa kupanda. Yalirudi yalikotoka, yakajaa kwenye kiyoyozi, na kuanza kudondoka: tone kwenye utosi, tone kwenye rundo la maombi, tone kwenye utosi.

Siku ya Tume ilipofika, makoti yote mawili yalikuwa yamelowa chapachapa. Mkurugenzi alipiga simu kwa sauti ya chini sana, kama mwanafunzi aliyejificha na mkate bwenini.

"Barafu, njoo uuteremshe huo mpira. Kimyakimya. Asijue mtu."

"Si ulisema yanapanda Makao Makuu?"

"Njoo, nimesema!"

Halafu akapiga hesabu zake. Tume bado. Ukumbi una joto. Makoti yakianikwa dakika chache tu, atakutwa amekauka, ametulia kitini, tayari kwa gari refu. Akatoka na fulana na suruali, makoti mkononi. Mlango ukajifunga nyuma yake kwa mlio mdogo wa adabu.

Aliyaning'iniza makoti kwenye kamba, kati ya nepi na shuka la maua. Ule uvuguvugu ulipomgusa mgongoni, alifumba macho. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, vidole vyake vilikumbuka kwamba vilikuwa vyake.

Alipofumbua, magari ya Tume yalikuwa yakiegeshwa.

"Fungua mlango, haraka!" alimwambia mpwa wake.

Dada alimtazama juu hadi chini. "Namba yako?"

"Namba gani? Mimi ni mjomba wako!"

"Hapa kazini hakuna mjomba. Asiye na namba hapiti, hata akiwa nani. Mjomba, si ulinifundisha mwenyewe?" Akamkabidhi kikaratasi. Arobaini na moja. "Kaa hapo nyuma ya yule babu wa bao."

Mkaguzi Mkuu wa Tume aliingia na kipimajoto mkononi. Alikuwa na miadi, na mwenye miadi hakai foleni, kwa hiyo Dada alibonyeza kitufe. Mlango ukaachwa wazi kwa ajili ya ukaguzi, na Mkurugenzi, kutoka benchini, aliona kila kitu.

"Kumi na sita kamili," Mkaguzi alisema, akipumua mvuke. "Utulivu. Hakuna kelele, hakuna visingizio. Ofisi ya mfano! Mkurugenzi yuko wapi?"

"Hayupo," alisema Dada.

"Mimi hapa!" Mkurugenzi aliruka kwenye benchi. "Nilitoka kidogo tu, mheshimiwa, kuanika koti!"

Mkaguzi alimtazama mzee aliyevaa fulana, akamsogezea kipimajoto kwapani, akasubiri.

"Thelathini na sita. Mzee, wewe si hata karani. Kaa usubiri zamu yako."

"Hilo ni joto la mwili!"

"Tangazo halijasema la nini." Akageukia wenzake. "Kwa mujibu wa tangazo, mwenye nyuzi kumi na sita ndiye Mkurugenzi. Na katika jengo hili, mwenye nyuzi kumi na sita ni mmoja tu." Wote wakainua macho kwenye kiyoyozi. "Tangu leo ndiye Kaimu Mkurugenzi."

"Na kusaini je?" aliuliza Dada, ambaye hakupenda kazi ilale.

Wakati huohuo tone likadondoka, likatua katikati ya ombi la mama mshonaji, likafanya duara la kupendeza.

"Amepitisha," alisema Mkaguzi. "Tena bila kuomba chai."

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele. Mama mshonaji alilipokea ombi lake likiwa bado linatiririka, akalibusu, akachukua shuka lake kwenye kamba na kukimbilia vyerehani vyake. Dada akaanza kuita namba. Ombi linawekwa mezani, tone linadondoka, mwananchi anaondoka. Foleni iliyokuwa haisogei tangu idara ianzishwe ilisogea kama maji ya bomba. Barafu alifika katikati ya shughuli hiyo na ngazi yake. Fundi hakai foleni, akapitishwa, akapanda darini bila kusemeshwa na mtu.

"Arobaini na moja!"

Mkurugenzi alisimama. "Naomba nirudi ofisini kwangu."

"Tunahitaji uthibitisho kwamba wewe ni Mkurugenzi," alisema Dada. "Uliosainiwa na Mkurugenzi."

Aliandika ombi lake. Lilikuwa ombi zuri, lenye "naomba kwa unyenyekevu" mara mbili, maneno ambayo alikuwa akiyasoma kwa miaka na hakuwahi kuyaandika. Dada akaliweka mezani, palepale chini ya Kaimu. Wakasubiri. Mkaguzi alisubiri. Babu wa bao, ambaye shida yake ilikuwa imekwisha, alibaki kusubiri kwa ajili ya kuona tu.

Barafu aliteremka kwenye ngazi, akajifuta mikono, akamwona mteja wake na kumpa tabasamu la ushindi.

"Bosi! Ile siri yetu ya asubuhi nimeimaliza. Mpira nimeuteremsha. Sasa hata ukae hapo mpaka mwakani, tone moja hutaliona."

Dada aliliinua lile ombi, akaligeuza huku na huku kwenye mwanga. Kavu.

"Kaimu hajapitisha, mjomba," alisema kwa upole. "Makoti yako yamekauka. Njoo kesho."