La Umeme au la Spoti: Gari la Wajawazito wa Kinyala

Ndugu Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi; ndugu Mwenyekiti wa mkutano, ambaye ana mafua na ameniomba nimkaimu; waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Wataalamu mliokaa kwenye viti vyenye mito; waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo mliokaa kwenye viti visivyo na mito; viongozi wetu wa kanisani na wa msikitini, ambao mmeomba kwa ufupi na ujumbe wenu nimeuelewa; wazee wetu; akina mama wa vikundi vya maziwa; wachuma chai; wakulima wa ndizi na wa viazi; vijana wa bodaboda mliozima injini kwa heshima yangu; na ninyi nyote mliosimama nje kwa sababu hema halikutosha ingawa mvua imetosha: nawasalimu kwa ngazi zenu zote. (Makofi kutoka ndani ya hema. Mimi karani nimeagizwa niandike kwamba yalikuwa ya muda mrefu.)

Kwa wale wachache wasionifahamu, naitwa Mheshimiwa Godwin Mwaipasi, Mratibu Mwandamizi wa Mpango Jumuishi wa Usafiri wa Dharura kwa Wajawazito wa Kata ya Kinyala na Maeneo Yanayofanana Nayo. Cheo hiki ni kirefu, na mlango wa ofisi yangu umelazimika kupanuliwa ili kibao kienee. Hayo ni mafanikio ya kwanza, na naomba yaingie kwenye kumbukumbu. (Yameingia.)

Ndugu wananchi, miaka mitatu iliyopita mlikuja ofisini kwangu mkiongozwa na muuguzi wa zahanati yenu, Mama Tusekile, yule pale aliyevaa makoti mawili, mkaeleza shida yenu kwa maneno machache mno, kiasi kwamba hata nusu ukurasa haukujaa. Mlisema mnataka gari la kuwashusha wajawazito kutoka huku mlimani hadi lami ya Kyimo na kuendelea hospitalini Tukuyu, kwa kuwa mvua ikishika, bodaboda hazipandi na akina mama wanajifungulia njiani. Basi. Hamkuweka utangulizi, hamkuweka malengo mahususi, wala kiambatisho. Nilisikitika sana kama mtaalamu, lakini nikajiambia, Godwin, hawa ni watu wako, uyapanue mawazo yao.

Nikayapanua. Tulifanya upembuzi yakinifu, tukafanya upembuzi wa ule upembuzi, tukaketi semina ya siku tisa pale Kawetele, ambapo asilimia tisini na nne nukta saba ya wajumbe walihudhuria chakula cha mchana. Wakati wa semina hiyo, simu yangu mwenyewe, kwa mtandao wangu mwenyewe, iliniletea dodoso la kimataifa lenye swali moja zito: je, uchague gari la umeme, au gari la spoti la petroli lenye gia za mkono? Nikawaambia wajumbe, jamani, dunia nzima iko kwenye swali hili, na Kinyala haiwezi kubaki nyuma. Hapohapo tukalipitisha. (Makofi ya Kamati ya Wataalamu.)

Kwa hiyo mchakato uko katika hatua za mwisho za hatua za awali, na leo ninyi wadau mtachagua.

(Hafidhi, fundi pikipiki wa Kyimo, ananyoosha mkono na kusimama bila kuruhusiwa: "Shikamoo Mheshimiwa. Mimi naona tope la huku kila siku, matairi yake nayatengeneza mimi. Kwa nini isiwe gari la kawaida tu, refu, linalovuta matairi yote manne? Hata kuukuu, nitalihudumia.")

Marahaba, fundi. Swali zuri, ila liko nje ya hadidu za rejea. Dodoso lina visanduku viwili. Gari la kawaida halina kisanduku, na kitu kisicho na kisanduku, kitaalamu, hakipo. Kaa. (Hafidhi anakaa. Anasema jambo kwa jirani yake, jirani anacheka mpaka anashika magoti.)

Sasa tuanze na gari la umeme. Waheshimiwa, gari hili halingurumi. Mjamzito atafika hospitalini bila ng'ombe hata mmoja kushtuka, na mnajua wenyewe ng'ombe akishtuka maziwa hupungua, kwa hiyo hapo tumeunganisha sekta ya afya na sekta ya mifugo kwa pigo moja. Halitumii petroli, halitoi moshi, lina kioo kikubwa mbele ya dereva kama televisheni. Linachajiwa kwa saa nane tu. Mtaniuliza litachajiwa wapi, na mimi nimeshalifanyia kazi: litachajiwa kwenye kituo chenu cha kukusanyia maziwa, ambapo tutachomoa jokofu la maziwa na kuchomeka gari.

(Akina mama wa maziwa wanapiga kelele kwa pamoja. Mmoja anasikika: "Maziwa yaoze! Gwe, huyu anakunywa chai ya rangi?")

Utulivu, akina mama, utulivu. Chai nainywa ya maziwa. Nimesema ni saa nane tu, na kama umeme utakatika, ambao kwa takwimu zetu huku hukatika pale tu mvua inaponyesha, basi wajawazito watapewa ratiba rafiki ya kupatia uchungu siku za jua.

(Mama Tusekile, bila kunyanyuka: "Mheshimiwa, siku za jua huku unazijua ni ngapi?")

Nazijua, Mama, ziko kwenye jedwali namba sita. Jedwali lenyewe lililoa njiani. Tuendelee.

Kisanduku cha pili ni gari la spoti la petroli, gia za mkono. Hapa naomba mniruhusu nivute pumzi, kwa sababu mimi ni mtumishi wa umma lakini pia ni binadamu. Gari hili, ndugu zangu, linatoka sifuri hadi kilometa mia kwa saa ndani ya sekunde nne. Ukikanyaga klachi, ukaingiza gia ya kwanza, ukaachia taratibu, unaisikia injini mpaka kwenye meno. Rangi yake ni nyekundu. Katika ziara zangu za mafunzo nililiona moja limeegeshwa, nikalizunguka mara tatu, na mlinzi akaniomba niondoke. Tangu siku ile nimeamini kwamba mama wa Kinyala naye ana haki ya kunguruma. (Vijana wa bodaboda wanapiga makofi ya kweli, ya kwanza leo.)

Wapo wapinzani wa maendeleo wanaosema gari hili limelala sana, kwamba tumbo lake litakaa juu ya tope na magurudumu yatabaki yanazunguka hewani. Jibu ni kwamba tutaifanya barabara ishuke. Wengine wanasema lina viti viwili tu. Nakubali ni viwili: kimoja cha dereva na kimoja cha Mratibu, kwa ajili ya usimamizi shirikishi.

(Mama Tusekile: "Na mjamzito?")

Atakuwa mnufaika.

("Nauliza atakaa wapi, tata, baba yangu.")

Mama Tusekile, nakuheshimu kwa umri na kwa kazi, lakini tukianza kuuliza kila mtu atakaa wapi, mradi hautakwisha. (Mama Tusekile anafungua koti la juu, anatazama saa, kisha anatazama benchi la tatu, ambapo Beatrice, mke wa Jackson, mwenye mimba ya miezi tisa, ameinama na kushika mgongo wa benchi la mbele. Beatrice aliletwa mbele asubuhi kwa agizo la Mheshimiwa, awe mfano hai.)

Na sasa, wadau, tunakwenda kwenye upigaji kura wa kihistoria. Wa umeme watasogea kushoto, wa spoti kulia. Naona pale mbele kuna mama amenyanyua mkono kabla ya wakati. Huo ndio mwamko tunaoutaka! Mama Beatrice, umeme au spoti?

(Jackson anasimama, kofia mkononi: "Mheshimiwa, samahani sana. Mke wangu hapigi kura. Uchungu umembana tangu ulivyokuwa unataja vyeo, yeye akawa anaona aibu kukukatiza. Mtoto wetu wa kwanza tulimpoteza pale chini kwenye kona ya mianzi, hatukufika. Tunaomba gari, Mheshimiwa. Tuliambiwa leo ni uzinduzi. Lolote lile.")

Pole sana, ndugu Jackson, na hongera, maana yote mawili yanahusika. Lakini "lolote lile" si kisanduku.

(Mimi karani hapa nimeacha kuandika kwa muda. Niliporudi kwenye daftari, Mama Tusekile alikuwa amesimama juu ya benchi, anaita vijana kwa Kinyakyusa, jina kwa jina. Wakamuuliza machela iko wapi. Ndipo kila mtu akakumbuka: mwaka juzi, ilipokuja barua ya ofisi ya Mheshimiwa kwamba gari liko njiani, kijiji kilivunja zamu za machela zilizokuwa zinapangwa nyumba kwa nyumba, na wiki hii mianzi ya machela ilikatwa kutengeneza geti la mapambo la kumpokea Mheshimiwa.)

Naomba msiguse geti! Ndugu vijana, geti lile ni sehemu ya itifaki. Sijatoka bado! Nitatokea wapi?

(Vijana sita wamelibomoa geti. Wanachagua miti miwili mirefu iliyosalimika, wanafunga kamba ya kufungia ndama, wanatandika kitenge, na juu ya kitenge koti la pili la Mama Tusekile. Hafidhi anavua koti lake la mvua na kumfunika Beatrice. Jackson, mmoja wa wale sita, amekamata mti wa mbele. Wanashuka. Akina mama wa maziwa wanafuata nyuma wakiwa na miavuli, na nyuma yao karibu mkutano wote.)

Naam. Ndugu wadau mliobaki, ninaowaona kuwa ni Kamati ya Wataalamu, Kamati Ndogo na wapishi, nawapongeza kwa uvumilivu. Hicho mlichokishuhudia, kitaalamu, tunakiita mwitikio wa jamii, na kimedhihirisha umuhimu wa mradi huu kuliko takwimu zangu zote. Mradi ukianza, mambo kama haya hayatatokea tena wakati wa hotuba. Wajawazito wote watasajiliwa, watapewa namba, watapewa fulana. Kutakuwa na kituo cha kuchaji, kituo cha kuchaji mbadala, na kituo cha kuwasubirishia wanaosubiri kuchaji. Kutakuwa na shule ya kufundisha gia za mkono, na mimi nimejitolea kuwa mwanafunzi wa kwanza.

(Ameendelea hivyo kwa saa moja na robo, akieleza maisha yake tangu darasa la nne. Sehemu hiyo nimeifupisha kwa ridhaa yangu mwenyewe. Mpishi mkuu, Lulu, alikuwa anazungumza kwenye simu huku analia na kucheka, akaja mpaka kwenye kipaza sauti: "Mheshimiwa, amejifungua! Hawakuifikia lami. Wamemzungushia vitenge pale juu ya kona ya mianzi, Mama Tusekile kampokea mtoto. Wa kike. Analia, nimemsikia! Mama yake mzima, wanaendelea naye hospitali. Ndaga, Mungu wangu, ndaga fijo, asante sana!" Wapishi wanapiga vigelegele. Wajumbe wawili wa Kamati Ndogo wanafuta macho. Na mimi pia.)

Safi kabisa! Karani, andika: mnufaika namba moja, na namba moja nukta tano. Tufunge basi kwa kaulimbiu za mradi, na miitikio iwe na nguvu. Umeme, kimyakimya! (Wapishi: kimya.) Klachi, kanyaga! (Mjumbe mmoja: "Kanyaga.") Kinyala, visanduku viwili, lengo moja!

Nimalizie kwa shukrani, kwa sababu nimelelewa. Namshukuru kinyozi wa Kyimo aliyetuazima kalenda yake ya ukutani, ambayo mwezi wa tatu una picha ya gari la umeme na mwezi wa nane una picha ya gari la spoti, na ambayo mpaka leo ndio waraka pekee wa mradi huu; anaihitaji kabla hajafunga. Nawashukuru wahisani wetu kwa moyo wao mkubwa, na naahidi kwamba tukishawatafuta tutawajua majina. Naishukuru mamlaka husika kwa kutotukatalia maombi yetu hata mara moja, kwa sababu hatujayapeleka, kwani isingekuwa busara kuomba gari kabla ya kujua ni la namna gani.

Na mwisho kabisa nawashukuru wale vijana sita. Jana usiku nilikuwa na wasiwasi nitaandika nini kwenye taarifa ya miaka mitatu, lakini sasa kalamu imepata wino. Nitaandika kwamba chombo cha usafiri kimepokelewa Kinyala na kimefanyiwa majaribio mvua ikinyesha, kimebeba mama na mtoto salama, hakitumii umeme wala petroli, kina miguu kumi na miwili, na kwa kuwa kipo na kinatembea, hakuna sababu tena ya kununua gari. Asanteni sana, na mradi nimeufunga rasmi.