Kadi ya Neno "Recalcitrant"

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji ameipiga kalamu nyekundu kadi yangu ya "recalcitrant"! Yeye ni mhariri wa herufi S katika kamusi yetu ya Kiingereza. R yangu inamhusu nini? Ati "rebellious" latosha. Halitoshi! Waasi ni wengi; huyu ni mkaidi anayezidi kushupaa kadiri anavyoamriwa. Asili yake Kilatini: kurusha teke nyuma kwa kisigino. Neno tukufu. Lakini kanuni yetu haina huruma: haliingii neno bila mfano ambao mhariri ameushuhudia mwenyewe. Nisipouleta Ijumaa, R inakwenda kwa Shemeji.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata hila. Nitamchokoza mpiga chapa wetu mpaka akaidi. Nimemwagiza achape ukurasa mmoja mara tano, bila sababu. Akauliza kama nataka na nakala ya sita. Saa nne alikuwa amemaliza. Hakuna kosa hata moja! Mwanamke hodari. Inaudhi.

Jumatano, 6 Machi
Nimemwamuru azipange kadi zote za R kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Akasema haya, Mwalimu, akazipanga. Shemeji akachungulia mlangoni, akauliza kama siku hizi nasoma kinyumenyume.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwagiza mpiga chapa achape kadi kwamba Jumanne alinikatalia kazi. Akaweka mikono mapajani. Akasema Jumanne hakukataa, kwa hiyo haandiki. Nikaamuru tena. "Mwalimu, heshima yako iko palepale, ila uongo sikuandikii." Mara ya tatu akaifunika taipureta! Shingo wima, sauti ileile. Nimefundisha miaka thelathini na minane, sijaona msimamo kama ule. Nusura nimpigie makofi. Lakini nilikuwa na haraka ya kupata mfano, nikaiandika kadi ile kwa mkono wangu.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu! Mwenyekiti wa kamati ya kamusi alimwita mpiga chapa aithibitishe kadi yangu. Akaweka mezani nakala zote tano. Mwenyekiti, ili kumpima, akamwamuru atie sahihi tu, yaishe. Akakataa. Akaamriwa tena. Akakataa, mbele ya kamati nzima, bila kupepesa jicho. Lo, fahari iliyoje! Nikasimama kumshangilia. Shemeji alibaki ameketi, akiandika mfano. Neno limeingia kwa jina lake. R nayo imekwenda.

Jumamosi, 9 Machi
Nimepewa T. Neno langu la kwanza ni "truthful", yaani msema kweli. Safari hii sibahatishi: mfano nimekwisha kuubuni.