Meza, Miwani na Betri Moja

Jumatatu, 3 Machi

Meza imenisogelea tena. Nilipoketi asubuhi, tumbo liligusa droo na mgongo ukagusa kabati. Ni Miwani tu! Fundi mwenzangu huyu, anayekaa ng'ambo ya meza yetu, anaisukuma kwa goti huku akijifanya anasoma. Mimi siisukumi. Nairekebisha tu, irudi mahali pake.

Leo kanishtaki kwa bosi. Eti msukumaji ni mimi! Bosi akatuita wote wawili, akasema amechoka kuamua kesi za watoto wenye ndevu. Ushahidi uletwe Ijumaa. Atakayebainika anasukuma meza atahamia stoo. Stoo haina dirisha na inanuka betri. Miwani akatabasamu. Nami nikatabasamu, tena zaidi yake. Karakana hii inatengeneza mizani ya madukani, na saketi za mizani ni kazi yangu. Kajipalia makaa mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Mpango tayari. Ndani ya kila mizani mna kipande cha chuma ambacho kikisukumwa hupinda kidogo mno, na kikipinda hutoa umeme mdogo mno. Amplifaya ya vipimo hutazama waya zake mbili, hukuza tofauti iliyopo kati yake, na kompyuta huchora mstari. Ncha moja ya chuma nitaifunga kwenye mguu wa meza, nyingine nitaigandisha sakafuni. Nikisukuma mimi, mstari utapanda. Akisukuma Miwani, utashuka. Abishe sasa.

Mtambo mzima unatumia betri moja. Karatasi ya kiwandani inasema kwamba kwa betri moja, mguu wa rejea wa amplifaya, yaani pale inapoanzia kuhesabu, usiungwe kwenye sifuri, bali uinuliwe mpaka nusu ya betri, kwa rezista mbili na vikorokoro vingine. Nimecheka peke yangu. Hawa wanataka kuuza rezista. Sifuri ni sifuri! Mtu aliyesimama katikati ya ngazi hawezi kusema yuko chini. Nimeunga kwenye sifuri, kazi imekuwa safi kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Jaribio nyumbani, meza ya kulia. Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Nikamwomba asukume kama Miwani, kutoka ng'ambo. Akasukuma. Sifuri. Nikamwambia atie bidii kidogo. Sifuri. Kisha nikasukuma mimi, mstari ukaruka kama umechomwa sindano. Nikampa pole kwa udhaifu wake.

Hakupokea pole. Yeye hutengeneza mashine za kupimia moyo pale zahanati, basi anajiona anajua. "Nimesukuma mpaka kiatu kimenivuka, mume wangu," akasema, "halafu mashine yako inasema nimelala. Betri moja haina chini ya sifuri. Anza katikati, mstari upate pa kupanda na pa kushuka."

Nikamweleza kwa upole kuwa meza si moyo. Akarudi kwenye nguo zake. Shati langu la bluu kalikunja vibaya, nadhani makusudi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewahi kazini kabla ya wote, nikafunga mtambo chini ya meza na kuuficha kwa kopo la taka. Kompyuta inarekodi yenyewe. Nimeapa kutoitazama mpaka kesho, asije mtu akasema nimechezea ushahidi. Mimi ni mtu wa haki.

Tatizo: Miwani hakusukuma! Alikaa ametulia kama bibi arusi. Ikabidi nimchokoze. Nikairekebisha meza kidogo. Akanitazama. Nikairekebisha zaidi. Hapo akaegemeza miguu ukutani, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nilifurahi kupita kiasi! Nikarekebisha, akasukuma, nikarekebisha, akasukuma, hadi saa ya kwenda nyumbani. Meza haikusogea hata unywele, imegandishwa. Magoti yananiuma, lakini moyo umetulia. Nimeshamchagulia kona yake kule stoo.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike tu, yaishe.

Karakana nzima ilikuja. Nikatoa hotuba. Nikasema mashine haina rafiki wala adui, na hii nimeiunda kwa mikono yangu, haijui kukosea. Kwenye skrini nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: juu MIMI, chini MIWANI. Kisha nikafungua rekodi.

Milima. Milima mitupu, tangu asubuhi hadi jioni, yote juu. Kati ya mlima na mlima, mstari umelala kwenye sifuri kama mkeka. Chini, hakuna kitu.

Bosi akavaa miwani yake ya kusomea, akauliza juu ni nani. Akasoma mwenyewe. Miwani akatoa leso, akajifuta macho makavu, akasema amenisamehe. Watu wakampa mkono.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila alipoegemeza miguu ukutani, mstari ulitaka kushuka ukakosa pa kushukia. Neno moja tu lingeniokoa. Bosi mwenyewe alinifungulia mlango. Akanitazama, akauliza taratibu:

"Fundi, una hakika mashine yako haijakosea?"

Nikaona kabisa jinsi nitakavyosema niliruka rezista mbili. Nikaona Miwani atakavyocheka. Nikamwona mke wangu akisikia.

"Haijakosea," nikasema.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini mashine ilisifiwa sana.

Jumatatu, 10 Machi

Stoo. Giza, harufu, na mlango haufungiki. Naufunga, unafunguka. Mtunza stoo, bila shaka! Nimemwandikia bosi barua. Akajibu kuwa mtunza stoo yuko likizo tangu wiki jana. Ujanja wa kizamani huo, mimi sidanganyiki.

Nimetafakari kosa langu kwa kina. Halikuwa sifuri, hata kidogo. Kosa lilikuwa kujiweka juu na kumweka mwenzangu chini. Kwa hiyo nimefunga mtambo mpya mlangoni, betri moja, rejea kwenye sifuri, ila waya mbili za kile kipande cha chuma nimezibadilisha nafasi: mtunza stoo akivuta kutoka nje, mstari utapanda. Mimi ndiye niko chini.

Nimeujaribu jioni hii. Nimevuta mlango kutoka ndani kwa nguvu zangu zote, mpaka bawaba moja imeng'oka. Sifuri! Haujawahi kuundwa mtambo wa haki kama huu. Nimewaalika wote waje Ijumaa, na bosi nimemwekea kiti cha mbele.