Mtamba wa Bafuni

Hermani alikuwa ameegemea kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi pale Mbulu mjini, akijifanya anauliza bei ya misumari, aliposikia nyuma yake sauti ya mtu mwenye nyumba nzuri. Watu wenye nyumba nzuri hulalamika kwa utulivu, kama wanaosoma matangazo kanisani.

"Bafu limeziba," sauti ilisema. "Ukioga, maji yanakufika vifundoni. Mna dawa ya kuzibulia?"

Alikuwa Mama Efrazia, nesi mstaafu. Muuza duka alisikia habari ya bafu. Hermani alisikia habari ya zizi, maana mji mzima ulijua kwamba nyuma ya nyumba ile ya bati jekundu kulikuwa na mitamba wanne ambao hawajazaa bado, wamenona na kutulia.

Tusimwonee Hermani. Alikuwa tapeli, ndiyo, lakini safari hii alikuwa tapeli mwenye shida. Mzee Tadei wa Endagikot alikuwa amemwambia wazi: mtamba mmoja zizini kabla ya Jumapili, la sivyo binti yake Scolastica anaposwa na Joakimu, mwenye mashine ya kusaga. Na Hermani alimpenda Scolastica kweli, kwa namna iliyomwaibisha hata yeye mwenyewe.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Wa Yohanes, mama. Lakini mimi ni fundi wa mabomba. Hiyo dawa achana nayo. Itakula bomba na kuacha uchafu."

Nusu saa baadaye alikuwa amepiga magoti bafuni, sikio sakafuni, akigonga kigae kwa kidole na kutikisa kichwa kwa huzuni. Aliomba chai. Mama Efrazia alipokwenda jikoni, Hermani alifunga mlango, akang'oa kichujio, akapenyeza waya wa breki ya baiskeli kwenye tundu la maji, akauzungusha mara mbili na kuvuta. Likatoka bonge la nywele za rasta lililoshikana na sabuni na vitu vingine ambavyo si vizuri kuvitaja kabla ya chakula. Zilikuwa rasta za Irene, mjukuu wa Mama Efrazia aliyekuja likizo. Maji yote yakashuka kwa mlio wa mtu anayemalizia mtindi. Kazi ilichukua dakika tatu.

Fundi wa kawaida angenawa mikono hapo. Hermani alivua soksi moja, akaikunja, akaisokomeza ndani ya tundu, kisha akafungulia bomba mpaka sakafu ikajaa tena. Bonge la rasta akalificha kwenye mkoba.

"Mama," alisema chai ilipofika, "tatizo si bafu. Tatizo ni ule mti wa mgrevilea hapo nje. Mizizi imepita chini ya nyumba. Usiku hujasikia nyumba ikilia?"

"Huwa inalia. Nilidhani ni bati."

"Watu wote hudhani ni bati."

Mama Efrazia alitazama sakafu iliyojaa maji. Kisha akatazama nje kupitia dirisha dogo, upande wa nyuma ya nyumba.

"Itakuwa kazi ya siku ngapi?"

"Tatu. Na hela sitaki, mama. Hela huharibu heshima. Mtamba mmoja ananitosha."

"Mtamba yupo," alisema Mama Efrazia.

Hermani karibu asikitike. Alikuwa ameandaa uongo mwingine wa aina tatu, mmoja ukiwa na machozi.

Zikafuata siku tatu ambazo historia ya ufundi itazikumbuka. Hermani alijifungia bafuni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akagonga sakafu kila alipokumbuka na kuguna kwa sauti. Mchana aliletewa makande, jioni mtindi. Familia nzima ilioga kwa beseni nyuma ya nyumba kwenye baridi ile ya Mbulu, na Irene alipita mara kwa mara akiuliza kama bado.

"Bado, dada. Hii mizizi ina ukaidi."

Siku ya tatu aliivuta soksi yake, maji yakashuka, naye akatoka amebeba kwa mikono miwili mzizi mnene alioung'oa kando ya barabara asubuhi ile na kuuingiza ndani ya mkoba. Mama Efrazia aliunusa.

"Huu unanukia mkaratusi."

"Mzizi ukikaa sana majini hubadilika harufu, mama."

"Kumbe," alisema Mama Efrazia kwa adabu.

Hakuchelewesha malipo. Alimwita jirani yake, Mzee Sulle, kisha akamtoa mtamba wa kahawia mwenye baka jeupe usoni na kumwekea Hermani kamba mkononi.

"Hermani, mbele ya Mzee Sulle nakupa mtamba huyu ukamtunze. Maziwa yake unywe, samadi yake utie shambani."

"Nimepokea, mama. Nitamtunza kuliko nafsi yangu."

Mzee Sulle aliuliza jina la baba yake Hermani, akalirudia mara mbili polepole. Mtoto yeyote aliyekulia zizini angeshtuka hapo. Lakini Hermani alizaliwa na kukulia karibu na stendi, na ng'ombe aliowajua ni wale wanaopita juu ya malori kwenda mnadani. Alidhani anabarikiwa. Akaondoka akipiga mluzi.

Endagikot alifika kabla jua halijawa kali. Scolastica alisimama mlangoni na kukunja mikono. Mzee Tadei alimzunguka mtamba, akamfungua mdomo, akampapasa mgongo.

"Mzuri. Umempataje?"

"Nimepewa na Mama Efrazia, mzee. Kuna kazi nilimfanyia."

"Alikupa kwa maneno gani?"

Hermani aliyarudia yote kwa majivuno, pamoja na ya maziwa na samadi. Mzee Tadei akaiachia pembe ya mtamba aliyokuwa ameishika.

"Na shahidi alikuwapo?"

"Mzee Sulle."

"Basi, kijana, mtamba huyu si wako. Umewekewa ufuge. Huku ndivyo tunavyowekeana ng'ombe. Anayefuga anapata maziwa na samadi. Ng'ombe mwenyewe na ndama wake ni wa aliyemweka. Akifa, unampelekea ngozi. Ukimtoa mahari au ukimuuza, umeiba, na shahidi yupo."

Hermani aliomba udhuru, akaenda nyuma ya ghala na kupiga simu. Mama Efrazia alipokea haraka.

"Fundi. Mtamba amekunywa maji?"

"Mama, tulikubaliana ni malipo."

"Malipo ya nini, mwanangu? Siku ile ya kwanza maji yalitoka kwenye mtaro wa nyuma kabla chai haijachemka. Niliyaona. Halafu yakakatika. Nikasema, kijana huyu ana mkono mwepesi, ila hajapata kazi ya kumchosha."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa natafuta mfugaji. Nitakuja kumwona mtamba wangu kila baada ya misa."

Hermani alirudisha simu mfukoni. Akidai kwamba alipewa mtamba kama ujira, Mzee Tadei atauliza ni bafu gani duniani huzibuliwa kwa mtamba, na jibu atalisikia Scolastica. Alirudi uani akitembea polepole kuliko alivyokuja.

"Nilimzibulia bafu, mzee. Hakunilipa. Amenipa nifuge."

Uso wa Mzee Tadei ukalegea. "Efrazia hampi mtu ng'ombe ovyo. Mwaka juzi nilimwomba mimi, akaninyima." Alimtazama Hermani kama anamwona kwa mara ya kwanza. "Joakimu hajawahi kuaminiwa hata kwa kuku. Utamfuga wapi?"

"Nimepanga chumba kimoja, mzee."

"Atakaa zizini kwangu. Wewe utakuja kila alfajiri kumkatia majani. Samadi itabaki hapa, iwe malipo ya nafasi. Akizaa mara tatu salama, mwenye ng'ombe humpa mfugaji ndama jike mmoja. Huyo ndiye utakayeniletea mahari."

Hermani alihesabu kimoyomoyo. "Hiyo si miaka minne, mzee?"

"Ukibahatika."

Alimgeukia Scolastica. Scolastica alikuwa anacheka, bila kejeli.

"Mimi nitasubiri miwili," alisema. "Hiyo mingine kaongee na ng'ombe."

Mzee Tadei akaleta mundu. Hermani aliupokea kwa mikono miwili, akauliza majani mazuri hukatwa wapi.