Bahari ya Mogogosiek na Uduvi Wasiokuja

Ilitangazwa sokoni, kwa kipaza sauti kilichoazimwa kanisani, kwamba kuanzia Jumamosi Mogogosiek, mji wa milimani, ingekuwa na bahari. Wananchi waliombwa watulie. Bahari ingewafuata waliko.

Omariba alilisikiliza tangazo hilo akiwa na kofia mpya kichwani na filimbi shingoni, kwa kuwa ndiye aliyeajiriwa kuilinda bahari hiyo. Maisha yake yote alikuwa amelinda vitu vya kawaida: stoo ya mbolea, lango la shule, mahindi ya watu. Sasa alikuwa mlinzi wa bahari, na kwao Kisii hakukuwa na mwingine mwenye cheo hicho.

Chanzo cha yote kilikuwa dhuluma. Idara ya Usawa wa Mgawanyo wa Uduvi iligundua kwamba uduvi, wale wadudu wadogo wa baharini wenye ndevu ndefu, wamerundikana wote Pwani huku Konoin, eneo zima linaloizunguka Mogogosiek, ikiwa haina hata mmoja. Mkurugenzi Kipkurui alituma tume Mombasa ikachunguze sababu. Tume ilikaa hotelini wiki mbili, ikawachunguza uduvi asubuhi, mchana na jioni, wengine kwa limau, ikarudi imenenepa na jibu mkononi: uduvi huishi penye chumvi, joto, matope na mikoko. Kwa hiyo kosa halikuwa la uduvi. Lilikuwa la mazingira, na mazingira yangerekebishwa.

Bwawa la kunyweshea ng'ombe likazungushiwa ua na kusimikwa ubao wenye jina la bahari. Mikoko ilipatikana: visiki vya michai iliyong'olewa vilichomekwa majini. Matope yalikuwepo. Kuhusu joto, ukungu wa Mogogosiek ulipewa onyo. Ikabaki chumvi. Karani wa ununuzi, ambaye anafuga na hajawahi kuona chumvi ya gunia isiyo ya ng'ombe, aliagiza mawe mekundu ya kulambwa kutoka duka la dawa za mifugo. Yakapangwa ukingoni pote. Hakuna aliyeona kasoro. Chumvi ni chumvi.

"Kanuni ni moja," mkurugenzi alimwambia Omariba. "Kiumbe chochote kikiingia humu, hakitolewi bila kibali changu, kilichopigwa muhuri ofisini. Ukikosea, unarudi kulinda mahindi."

"Hata kama ni chura, mkubwa?"

"Chura ni mwanzo mzuri."

Siku ya uzinduzi, kabla wageni walioalikwa kutoka Nairobi hawajafika, kiumbe cha kwanza kiliingia. Kilikuwa mtamba wa Chepngeno, ng'ombe pekee aliyembakia mama huyo baada ya kiangazi. Mtamba alinusa chumvi, akauvunja ua, akalamba jiwe hadi likateleza majini, naye akalifuata. Matope yakamshika hadi tumboni. Alikuwa amekaribia kuzaa.

Chepngeno alikuja mbio na kamba, vijana wa kuchuna chai wakimfuata.

"Askari, tupishe!"

"Una kibali, mama?"

"Kibali cha nini? Ng'ombe wangu anazama!"

"Huyo ameshaingia kwenye takwimu, mama. Kwa sasa ni kiumbe wa baharini."

"Wewe Omariba, kwani ulinyonyeshwa na nyangumi?"

Swali hilo lilimchoma. Alimtazama mtamba, ambaye alikuwa akididimia polepole, akatamani kanuni ingekuwa na mlango wa nyuma. Haikuwa nao.

Mkurugenzi akafika na wageni wake. Phyllis, ofisa wa vipimo, alitumbukiza kipimo majini.

"Chumvi iko, bosi. Uduvi hakuna."

"Na yale mapovu je?" Mkurugenzi alinyoosha kidole nyuma ya mtamba. "Uduvi hao. Wanapumua."

"Bosi, hiyo ni gesi ya ng'ombe."

"Mheshimiwa, toa ruhusa tumtoe," Chepngeno alimsihi. "Nakuomba. Ana ndama tumboni."

"Njoo ofisini Jumatatu, mama. Na msimsumbue. Anaanza kuzoea mazingira."

Kisha akavua viatu, akachukua chandarua, akaagiza apigwe picha akivua uduvi wa kwanza wa nyanda za juu. Hatua ya kwanza aliipiga kwa heshima, ya pili kwa mashaka. Ya tatu hakuipiga. Matope yalimshika magoti, yakapanda mapajani. Tai ikaelea.

"Omariba! Nitoe!"

Omariba alipuliza filimbi, akasimama wima. "Una kibali, mkubwa?"

"Kibali ni mimi!"

"Ndiyo, mkubwa. Lakini muhuri uko ofisini, na wewe uko baharini."

Wageni walitikisa vichwa kwa kuridhika. Nairobi hawakuwa wameona nidhamu kama hii. Phyllis, kwa kuwa kazi ni kazi, alitumbukiza kipimo karibu na bosi wake, akatangaza kwamba hatimaye maji yameanza kupata joto.

"Basi si bahari!" mkurugenzi alipiga kelele.

"Sema kwa sauti, mheshimiwa," Chepngeno alimwambia. "Wageni wametoka mbali."

"Ni bwawa! Bwawa la ng'ombe! Uduvi hakuna, na hawatakuja!"

Omariba alitafakari. Kama ni bwawa, kanuni ya bahari haina nguvu. Kama kanuni haina nguvu, kamba inaruhusiwa. Alivua kofia, akaung'oa ule ubao wenye jina la bahari, akaulaza juu ya matope na kutambaa juu yake akiwa na kamba. Mkurugenzi alinyoosha mikono yote miwili. Omariba akampita kwa adabu, akaizungusha kamba kifuani mwa mtamba.

Vijana walivuta. Chepngeno aliimba, akalia, akavuta pia. Mtamba akatoka akitetemeka, akajikung'uta matope juu ya suti za wageni, akasimama kwa miguu yake minne.

"Na mimi?" sauti ilitoka majini.

Wote waligeuka kutazama ile kamba. Ilikuwa ya ng'ombe, na tayari ilikuwa inapanda kilima ikiwa na ng'ombe.