Friza Yangu na Wazazi wa Ubatizo

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza mafunzo. Ukumbi wa mtaa, viti vya plastiki, feni moja inayompepea mwalimu peke yake. Somo ni namna ya kukopesha na kukusanya madeni, kwa wafanyabiashara wadogo. Wadogo tulijaa mpaka mlangoni. Nilikwenda na mwanangu Arvelyn kiunoni. Ana miezi tisa na hajawahi kumkopesha mtu.

Mwalimu anaitwa Bi Abellanosa, wa chama cha ushirika. Viatu vyake havishiki tope hata mvua ikinyesha. Akatuuliza tumekuja kutafuta nini. Wenzangu wakasema kukuza biashara, kupanua soko. Mimi nikasema friza.

Watu wakacheka. Lakini ndiyo kweli. Friza niliichukua kwa malipo ya kila mwezi, na miezi miwili sijalipa. Ruel, kijana wa kukusanya madeni wa duka la vyombo nilikoichukua, kaleta barua: nikifika Jumamosi ya tarehe 15 bila kulipa, wanaibeba. Barafu, maji ya baridi, samaki wa kugandisha, vyote vimo humo. Bila friza kiduka changu kinabaki dirisha la kuuzia sabuni. Hela ya maziwa ya kopo ya Arvelyn inatoka kwenye barafu, si kwenye sabuni.

Na hela zipo. Ziko kwa watu tu. Nang Pacing anayechoma mishikaki pale kona, Nong Teroy wa pikipiki ya magurudumu matatu, na Maribeth msusi, niliyesoma naye, ambaye simwiti Nang, dada mkubwa, maana tu rika moja. Wakinilipa hawa watatu, hata nusu, friza inakaa.

Mume wangu Arnel yuko kwenye kiwanda cha meli anachomelea vyuma, anarudi Jumapili tu. Nimemwambia kwa simu kwamba mke wake sasa anasoma. Akasema hewala, muulize mwalimu wako kama anajua kupika.

Jumanne, 4 Juni

Nimejaribu somo la kwanza. Bi Abellanosa alisema: taja kiasi, taja tarehe, halafu nyamaza. Usicheke, usijieleze. Anayeshindwa kuvumilia ukimya ndiye anayelegea.

Nong Teroy alipita saa ya mvua. Nikamtajia kiasi. Nikamtajia Ijumaa. Nikanyamaza.

Akanyamaza naye. Akavuta kigoda, akakaa chini ya bati. Mvua inapiga. Namtazama, ananitazama. Arvelyn anatutazama wote wawili. Nikajiambia, Jovelyn, usifungue mdomo, friza hiyo.

Mwishowe kashindwa yeye. Nikafurahi moyoni. Akaniuliza kama naumwa. Akasema mtu kunyamaza hivyo ni njaa, au mume hajapiga simu. Akaniambia nitoe pakiti mbili za kahawa, yangu na yake, ya kwangu atalipa yeye. Andika kwangu, akasema.

Tukanywa. Sijawahi kununuliwa kahawa na mtu mwenye adabu kama Nong Teroy. Baadaye nikiosha vikombe ndipo nikaelewa kwamba kahawa ilikuwa yangu na deni limepanda.

Alhamisi, 6 Juni

Leo tumefundishwa kukumbusha kwa ujumbe wa simu. Maneno ya heshima, bila vitisho, bila kumwaibisha mtu mbele za watu. Bi Abellanosa katuandikia ubaoni mfano, nami nikaunakili neno kwa neno, nikamtumia Nang Pacing. Mpendwa mteja, tunathamini uhusiano wetu. Nikamaliza kwa kumwomba athibitishe kwa kujibu.

Hakujibu. Nikangoja mpaka wali ukaungua.

Jioni kaja mwenyewe dirishani na kipepeo chake cha mkaa. Akasema ujumbe kauona, mzuri sana, kamsomea na dada yake, hakujua kama mimi naandika vile. Lakini atajibuje na simu haina salio? Tena mwenyewe nimeandika ajibu. Akaniomba nimwekee salio la peso kumi na tano, atalipa pamoja na mengine.

Nikamwekea. Ningefanyaje? Sharti langu mwenyewe.

Hajafika hata kona, simu yangu ikalia. Jibu lake: "Sawa mwanangu."

Ila mwishoni mwa somo Bi Abellanosa alisema kitu kilichonikaa moyoni. Kila mdaiwa, hata awe fukara vipi, lipo jambo analolipa kwanza kabla ya yote. Litafute hilo, ukasimame hapohapo.

Nimewaza nikimpa Arvelyn chupa. Watu wetu hulipa nini kwanza? Umeme wanakwepa. Kodi wanakwepa. Lakini sijaona mtu wa mtaa huu akienda kwenye ubatizo wa mtoto wake wa kiroho bila bahasha ya hela. Nang Pacing Krismasi iliyopita hakuwa na mkaa, lakini watoto wake wa ubatizo aliwajazia bahasha wote.

Arvelyn hajabatizwa. Arnel alikuwa anasubiri tupate nguruwe wa sherehe.

Nimelipata.

Ijumaa, 7 Juni

Paroko kasema Jumapili hii kuna ubatizo wa kundi, tukihudhuria maelekezo kesho asubuhi tunaingia. Kuku watatosha badala ya nguruwe, na tambi.

Nikaanza mizunguko kwa wadaiwa wangu watatu, kuwaomba wawe wazazi wa ubatizo. Kukataa kuwa mzazi wa ubatizo ni kumtakia mtoto mkosi, kila mtu anajua, kwa hiyo hawana pa kutokea. Nong Teroy akavua kofia. Maribeth akanirukia na mikono yenye rangi ya nywele, blauzi yangu sasa ina vidole vitano vya hudhurungi begani.

Nang Pacing alilia. Hilo sikulitegemea. Akaweka mishikaki chini, akalia palepale mbele ya wateja. Akasema ana watoto wengi wa ubatizo lakini wote wa ndugu zake, waliomwomba kwa kuwa hawana wa kumwomba. Huyu ndiye wa kwanza kutoka kwa mtu aliyemchagua. Akamchukua Arvelyn, akamnusa shingoni.

Nilirudi nyumbani polepole. Nilikuwa nimemchagua kweli. Nilimchagua kwa sababu ndiye mwenye deni kubwa. Nikajiambia kuchaguliwa ni kuchaguliwa.

Arnel kwa simu akauliza imekuwaje haraka hivi. Nikamweleza wazazi wa ubatizo ni nani na nani. Akakaa kimya muda mrefu, huyu angefaulu kwa Bi Abellanosa. Halafu akauliza: "Jovelyn, huu ni ubatizo au ni mnada?"

Jumamosi, 8 Juni

Mauzo makubwa. Nong Teroy kachukua sabuni ya kufulia shati, na bahasha. Nang Pacing kachukua bahasha nzuri yenye njiwa. Maribeth utepe. Vyote kwa deni, lakini sikuumia. Mkulima haumii akitupa mbegu ardhini.

Baadaye Nang Pacing akarudi, akaniita pembeni. Alikuwa anaona haya. Bahasha anayo, lakini ya kuweka ndani haijatimia, na mtoto kama Arvelyn si wa kupewa hela ya maandazi. Akaniomba peso mia tano mpaka wiki ijayo.

Nilifikiri sana kabla ya kujibu, kama tulivyofundishwa. Nikapiga hesabu: nikimpa leo, kesho inarudi kwenye bahasha, na bado nitamdai. Hela moja inafanya kazi mara mbili. Nikampa haraka kabla hajabadili mawazo.

Jumapili, 9 Juni

Ameshabatizwa. Watoto wote walilia kwa yale maji, wangu akacheka na kujaribu kuyashika. Nang Pacing ndiye aliyembeba. Kavaa gauni la kijani linalonukia moshi hata baada ya kufuliwa. Arnel katoka kiwandani usiku akaja moja kwa moja, kasimama nyuma ya kanisa na macho mekundu, sijui ni ya moto wa kuchomelea au ya nini.

Chakula kilikwisha chote. Walikuja hata wasioalikwa, na hapa mtu akipita getini huwezi kutomkaribisha. Ruel naye alipita na pikipiki yake, Arnel akampungia aje ale. Akala. Akasifu barafu. Nikaona anaitazama friza kama daktari anavyomtazama mgonjwa wa mtu mwingine.

Wageni walipoondoka nikafungua bahasha.

Ya Nang Pacing: mia tano yangu. Niliitambua, ina wino pembeni.

Ya Nong Teroy: mia mbili, na karatasi ya kuomba radhi kwamba nyingine atampa mtoto siku yake ya kuzaliwa.

Maribeth hakuleta bahasha. Kaleta vipuli viwili vidogo vya dhahabu, vya utotoni mwake. Mama yake alimvalisha kabla ya kufa.

Nikakaa navyo mkononi mpaka vikapata joto.

Jumanne, 11 Juni

Jana nilimweleza Bi Abellanosa nilivyotumia somo lake. Akavua miwani. Akaniuliza kama nimeelewa kwamba nilimkopesha mdaiwa ili anipe zawadi. Nikasema ndiyo, na ilirudi yote. Akaivaa tena miwani, akasema tuendelee na somo.

Leo nimekwenda kudai, maana zimebaki siku chache. Hapo ndipo nilipogundua shida.

Nilimkuta Nang Pacing anapuliza mkaa. Kabla sijasema akapaza sauti: "Mare!" Si mwanangu tena. Mare, mama mwenzake wa mtoto. Akawaambia wateja wake huyu ni mare wangu, akanipa mshikaki wa ini bure. Kiasi nilikuwa nacho ulimini, tarehe ninayo. Lakini unamdaije mare wako na ini lake liko mdomoni mwako?

Nong Teroy alinibeba mpaka sokoni akakataa nauli. Pare wako nipo, akasema, baba mwenzako wa mtoto. Maribeth kamkata Arvelyn nywele, kamwimbia.

Wote wananipenda. Sijapata hata peso.

Ijumaa, 14 Juni

Jana tumemaliza mafunzo, tumepewa vyeti. Changu nimekibandika dukani juu ya friza.

Leo nilipanda mjini na vipuli vya Arvelyn kwenye kitambaa. Duka la rehani lina foleni. Mbele yangu baba mmoja kaleta pete, akauliza mara mbili siku ya mwisho ya kuikomboa, halafu akauliza tena. Akilini nikamwona Maribeth mdogo, mama yake akimtoboa masikio. Nikamwona Arvelyn mkubwa ananiuliza vipuli vya ubatizo viko wapi, nami namjibu vimegeuka barafu.

Nikatoka kwenye foleni. Njiani nikamvalisha. Kavishika mara moja, kasahau.

Sijui kama nimefanya vizuri. Barafu ndiyo maziwa yake. Lakini nimepata njia nyingine, nashangaa sikuiona mapema. Kama mare hawezi kumdai mare, basi na Ruel asiweze kunidai mimi.

Jumamosi, 15 Juni

Ruel kaja asubuhi na vijana wawili na mkokoteni. Akanitajia kiasi. Akanitajia leo. Akanyamaza. Alifanya vizuri kuliko Bi Abellanosa mwenyewe, nikaona raha kumtazama, kisha nikakumbuka anayedaiwa ni mimi.

Nikampa mia saba za bahasha. Akahesabu, akaandika risiti, akasema haijafika hata mwezi mmoja. Ndipo nikatoa silaha yangu. Nikamwomba awe msimamizi wa Arvelyn siku ya kipaimara.

Akamtazama mtoto. Akauliza kipaimara si mpaka afike miaka kumi? Nikasema sisi tunapanga mapema.

Akacheka mpaka akakaa juu ya kreti la soda. Akafuta macho. Akasema: "Dada, unajua kwa nini walinihamishia hapa? Kule nilikotoka nina mtoto wa ubatizo kila nyumba. Nikawa sikusanyi chochote, naenda kula tu. Bosi kaniambia nikibeba mtoto mwingine kanisani, kazi sina."

Akasema anasikitika, na niliona kweli anasikitika. Akanionyesha namna ya kuyeyusha barafu isimwagike.

Friza ikatoka. Nong Teroy ndiye aliyeshika upande mzito, isikwaruzwe, akawafokea wale vijana polepole nyie, ni ya mare wangu. Nang Pacing kabeba samaki wote akawachoma wasiharibike, akawagawa mtaani. Maribeth kabaki kufagia maji sakafuni. Pale ilipokuwa pamebaki mraba mweupe ukutani, na juu yake cheti changu.

Nililia kidogo. Nang Pacing kanishika kichwa kifuani, kwenye moshi wake. Kasema maziwa ya mwezi huu ni juu yake. Na jioni kaleta kopo kweli, la duka la Wachina, kalipa taslimu. Nikafikiri sana juu ya lile kopo. Kwangu anakopa, kule analipa. Sikuweza kukasirika. Arvelyn alikunywa akalala na mkono kwenye shavu lake.

Jumanne, 18 Juni

Mambo mazuri. Nimeamka na nguvu. Nimeoga, nimechana nywele, nimekiweka cheti kwenye mfuko wa plastiki kisilowe, nimekwenda kwenye duka jingine la vyombo, lile la karibu na stendi. Wana friza ndogo kidogo kuliko ya kwanza, lakini nyeupe, na kufuli lake. Malipo ya kila mwezi.

Dada wa pale alikisoma cheti mpaka chini. Akasema ni nadra kupata mteja aliyesomea madeni. Kilichobaki akasema ni wadhamini tu, watu watatu watakaolipa mimi nikishindwa. Ninao?

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikamtajia Nang Pacing, Nong Teroy na Maribeth. Wanaileta Ijumaa.