Bunduki ya Baba na Safari Yangu ya Kurudi

Bunia, Jumatatu 3 Machi 2025

Leo natimiza miaka ishirini na miwili tangu nilipokimbia vita kilimani kwetu, Djugu, na mke, mkeka na bunduki ya baba iliyovunjika. Kila anayeuliza nitarudi lini namjibu: siku bunduki itakapopona. Jibu zuri! Halijawahi kuniangusha.

Léontine, mke wangu, ameliharibu jibu hilo. Jumapili wakwe wa mjukuu wetu Glodie wanakuja kupanga mahari. Hataki silaha nyumbani. Niitengeneze niondoke nayo, niiuze, au niikate.

Jumanne 4 Machi

Nimeivingirisha ndani ya mkeka, nikapanda pikipiki mpaka mtaa wa Mudzipela kwa Elysée, fundi wa kuchomelea vyuma. Mpango: atangaze mbele ya watu kwamba haiponi. Akaitazama, akacheka. Eti, "Muzee, iko kazi kidogo tu. Kesho unaipata." Balaa! Nimemsihi aseme imekufa. Amekataa. Hakuna chuma kilichowahi kumshinda.

Na Donatien alikuwa anasikia! Jirani yangu, wa kilima kilekile, mwongo mkubwa. Ameuliza naondoka saa ngapi, anitafutie gari.

Alhamisi 6 Machi

Basi niuze. Mnunuzi mmoja tu: Donatien. Anatoa majogoo wawili. Tulikaribia kupeana mikono. Akakohoa, akasema Jumapili atawaonyesha wakwe bunduki iliyomwangusha mbogo wa baba yake. Wa baba yake! Mbogo yule aliangushwa na baba yangu. Baba yake alikuwa juu ya mti. Nikamwambia weye Donatien, ukoo wenu ulijua kumla mbogo tu. Akajibu afadhali kula, kuliko kukaa miaka yote hii ukisubiri kipande cha chuma.

Neno hilo limenichoma. Nimebaki na bunduki, bila jogoo.

Ijumaa 7 Machi

Akili mpya! Ikatwe hadharani, nilie, kila mtu ajue safari imekufa pamoja nayo. Elysée akashika msumeno. Nikalia kwa ustadi. Kisha kitako kikaanguka miguuni mwangu, nikaona pale ambapo shavu la baba lililainisha mbao. Machozi mengine yakaja bila ruhusa. Donatien akanishika bega. Naye alikuwa analia, mjinga yule.

Léontine hakulia. Aliokota kitako, akakipima mkononi, akasema ameshapata mchi wa kutwangia majani ya sombe.

Jumapili 9 Machi

Shangwe! Wakwe wamekula sombe, wakaongezwa, wakaongezwa tena. Micheline, mama wa bwana harusi, akauliza majani ya muhogo yamelainikaje hivi. Nikasimama, nikatangaza kwamba yametwangwa na bunduki iliyomwua mbogo wa baba yangu. Donatien alitaka kupinga, mdomo umejaa. Nimeshinda! Mahari imepangwa. Glodie na bibi yake wamecheza mpaka viti vikaanguka.

Ndipo baba mkwe akauliza kwa upole: sasa, muzee, kwenu unarudi lini? Nikajifanya nimekwamwa na mwiba wa samaki.

Hakukuwa na samaki.

Jumatatu 10 Machi

Nimepata mashine ya mtumbwi! Imetoka Mahagi-Port, kule ziwani, imekufa kidogo tu. Mwenyewe amekubali nimpe mtutu uliobaki. Nimewatangazia wote: siku itakaponguruma, narudi Djugu. Donatien anasema kilima chetu hakina ziwa. Nimemwambia asiingilie mambo ya ufundi. Léontine ameuliza italala wapi. Chini ya kitanda, nafasi ya bunduki iko wazi.

Jioni Elysée amepita. Ameitazama mashine, ameanza kutabasamu. Nimemfukuza kabla hajaigusa.

Sitarudi.